Wapanda Miti Wasiolipwa: Ndege wa Vanga na Kazi Yao

Msafiri atokaye Mombasa kwenda kusini huvuka Likoni, akapita Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi, na mwisho hufika Lunga Lunga penye mpaka wa Kenya na Tanzania. Hapo akiiacha barabara kuu iendayo Tanga, akashika njia ya kushoto ielekeayo baharini, atafika Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya Kenya upande wa kusini. Ni mji wa zamani wa wavuvi na wafanya biashara, na ndani yake wamekaa pamoja kwa vizazi vingi Wavumba, Wasegeju, Wadigo na wengineo. Karibu na hapo mto Umba, utokao katika milima ya Usambara, huingia baharini. Na mji wenyewe umezungukwa na mikoko hata mgeni hudhani kwamba ameingia katika ngome ya miti.

Watu wengi waandikao habari za Vanga huandika juu ya samaki, majahazi na mafuriko. Habari hizo ni za kweli na zina faida. Lakini leo napenda kuwaeleza wasomaji habari ya kazi moja ifanyikayo huko kila siku, tangu alfajiri hata magharibi, wala haina mshahara, wala haina msimamizi. Sisi makarani tumezoea kuandika hesabu ya kila kitu: magunia ya korosho, idadi ya nazi, kodi na ada. Lakini sijaona daftari lililoandikwa hesabu ya miti iliyopandwa na hondohondo. Na hasara ya kutoiandika hesabu hiyo ni kwamba hatutajua itakapopungua.

Vanga ina wapandaji wawili wakubwa wasio wanadamu. Mmoja ni maji, wa pili ni ndege.

Kazi ya maji ni rahisi kuiona. Mkoko hauangushi mbegu kama miti mingine. Mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, ikawa mche mrefu wa kijani mfano wa mkuki, kisha huanguka. Maji yakiwa yametoka, huweza kujichoma katika tope papo hapo. Maji yakiwa yamejaa, huelea na kuchukuliwa mpaka mahali pengine. Mkandaa nao hufanya vivyo hivyo. Hata komwe, zile mbegu ngumu ambazo watu huchezea bao, huweza kuelea baharini kwa siku nyingi na kutupwa na mawimbi katika ufuo wa mbali. Wenyeji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamejifunza thamani ya mikoko hiyo, na tangu mwaka 2019 wamekuwa na mradi wao wa kuilinda na kuipanda, ambao huwapatia fedha za maendeleo kwa sababu ya hewa ya kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi.

Lakini mtu akiupa mji kisogo, akatembea kuelekea bara, atafika mahali ambapo maji ya bahari hayafiki. Hapo ataona minazi, miembe na mikorosho, na kila mmoja una mwenyewe, kwa kuwa ulipandwa na mtu. Katikati ya hiyo ataona mkuyu mkubwa uliosimama mpakani mwa mashamba mawili. Akiuliza ni nani aliyeupanda, ataambiwa kwamba hakuna, uliota wenyewe. Karibu na ua wa nyumba ataona mpilipili ambao mwenye nyumba hakuupanda. Chini ya mwembe ataona mpera mchanga. Juu ya ukuta wa gofu la mawe ataona mti wa jamii ya mkuyu umeshika ufa kwa mizizi yake na kuupanua. Je, mbegu hizo zilipandaje ukutani? Hazina miguu, wala upepo hauwezi kuinua tunda la mpera. Zililetwa na ndege.

Yafaa tufahamu kwanza kwamba tunda si zawadi ya bure. Mti umefungwa mahali pamoja. Hauwezi kuwahamisha watoto wake. Kwa hiyo huifunika mbegu yake kwa nyama tamu, na nyama hiyo ikiiva huipaka rangi nyekundu, nyeusi au ya manjano ili ionekane kwa mbali. Huo ndio ujira. Ndege hula nyama, na kwa malipo yake huichukua mbegu. Tunda likiwa bichi huwa la kijani na chungu au kali, kwa sababu mbegu haijakomaa na mti hautaki mteja aje kabla ya wakati. Biashara hii ni ya kale sana, nayo imeendeshwa bila hati wala shahidi.

Wateja wa biashara hiyo katika nchi ya Vanga na Kwale ni wengi. Yuko shore, yule mdogo mwenye kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia, ambaye huimba penye nyumba zetu kabla jua halijatoka. Wako kwezi wenye manyoya yang'aayo. Yuko kulukulu wa kijani, ambaye akiruka huonyesha mabawa mekundu kama damu. Na mkubwa wao wote ni hondohondo. Hondohondo wako wa namna nyingi, lakini yule wa msituni mwenye mdomo mkubwa uliobeba kitu mfano wa pembe juu yake, na ambaye sauti yake hufanana na kilio cha mtoto mchanga, ndiye mchukuzi hodari. Wadogo hawawezi kumeza ila mbegu ndogo. Yeye humeza matunda makubwa yenye kokwa kubwa. Basi iko miti ambayo, pasipo ndege wakubwa wa namna hiyo, mbegu zake zitakosa wa kuzichukua mbali.

Mfano mzuri ni mbambakofi, mti ambao mafundi wa milango wanaujua sana. Ganda lake likipasuka hutokea mbegu nyeusi za kung'aa, na kila moja imevikwa kofia nyekundu. Kofia hiyo ndiyo chakula. Hondohondo huichukua mbegu, huila ile sehemu nyekundu, na mbegu nyeusi huiangusha mbali na mti mama. Fundi anayesifu mlango wa mbambakofi ana haki ya kumsifu seremala. Lakini pengine hakumbuki kwamba mti ule ulipandwa na mdomo wa ndege.

Tena hondohondo ana desturi ya ajabu wakati wa kuzaa. Jike huingia katika tundu la mti mzee, na mlango huzibwa kwa udongo na mavi mpaka ubaki ufa mwembamba. Jike hukaa humo kwa miezi kadhaa pamoja na makinda, na dume huwalisha kwa kupitisha tunda moja moja katika ufa huo. Mbegu hutupwa nje. Ndiyo sababu chini ya mti wenye kiota huonekana miche ya miti ya namna nyingi. Lakini yatupasa tukumbuke neno hili: pasipo mti mzee wenye tundu hapana kiota, na pasipo kiota hapana hondohondo.

Sasa tuangalie ni faida gani mbegu huipata kwa kupita katika tumbo la ndege. Wataalamu hutaja faida tatu.

Ya kwanza ni kuoshwa. Katika nyama za matunda mengi mna dawa ya asili izuiayo mbegu kuota, ili isiote ingali ndani ya tunda. Tena nyama ikioza huleta ukungu na wadudu, na mbegu huharibika. Ndege huivua mbegu ile nguo yake yote na kuiacha safi.

Ya pili ni kukwaruzwa. Mbegu nyingine zina ganda gumu lisilopitisha maji upesi. Zikisuguliwa katika firigisi na kulowa katika maji makali ya tumbo, ganda hupungua ugumu na maji huingia. Lakini jambo hili tusilikuze kupita kiasi. Wako watu wasemao kwamba mbegu za porini haziwezi kuota kabisa mpaka zimezwe na ndege. Kwa miti mingi si kweli. Mbegu iliyooshwa vizuri kwa mkono mara nyingi huota sawa na ile iliyopita tumboni.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuhamishwa. Mbegu zikianguka zote chini ya mama yao, hugombania jua, maji na chakula. Zaidi ya hayo, wadudu na magonjwa ya mti ule yamekwisha kukusanyika pale, yakingoja watoto. Mwaka 1970 mtaalamu Daniel Janzen wa Marekani, na mwaka 1971 mwenzake Joseph Connell, walieleza kwamba hiyo ni sababu moja ya misitu ya nchi za joto kuwa na miti ya namna nyingi iliyochanganyika: mtoto aliye mbali na mama ana nafasi zaidi ya kuishi. Ndege wadogo kwa kawaida hutoa mbegu katika muda usiozidi saa moja, na katika muda huo wamekwisha kuvuka shamba. Hondohondo huenda mbali zaidi. Katika uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2011, hondohondo hao wenye sauti ya mtoto walifuatwa kwa vyombo vya kupimia safari zao, ikaonekana kwamba waweza kuchukua mbegu hata umbali wa kilometa 14 na zaidi.

Pilipili nayo ina fundisho lake. Mtu akitafuna pilipili mwitu hutoka machozi, na panya hali kadhalika. Lakini ndege hausikii ukali ule. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mbegu za pilipili mwitu zilizoliwa na ndege ziliota vizuri, lakini zilizotafunwa na wanyama wa jamii ya panya hazikuota. Basi ukali wa pilipili ni kama bawabu mlangoni: humzuia avunjaye mbegu, humruhusu aichukuaye salama. Ndiyo sababu mpilipili huota penye ua, chini ya matawi ambapo ndege hutua kupumzika.

Hata hivyo si kila ndege alaye tunda ni mpandaji. Kasuku huvunja kokwa kwa mdomo wake na kula kilicho ndani. Tetere na wengine wa jamii ya njiwa wana firigisi yenye nguvu, na mbegu nyingi husagwa humo kama mahindi kinuni. Tena wako wapandaji wanaotuletea taabu. Kila mwenye michungwa au mikorosho aujua mmea wa kirukia, ambao huota juu ya matawi na kunyonya maji ya mti. Mbegu yake inanata kama gundi. Ndege mdogo akiila, humbidi kujifuta juu ya tawi ili imtoke, na hapo ndipo inaposhika na kuota. Ndege hana nia mbaya wala njema; yeye hutafuta riziki yake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili tufike penye jambo lenyewe, nalo ni hali ya misitu yetu. Zamani msitu wa pwani ulikuwa mrefu na wenye kuungana. Siku hizi imebaki vipande vipande, kama visiwa katikati ya mashamba, na vingi vya visiwa hivyo ni makaya. Upande huu wa kusini tuna Kaya Jego, Kaya Gonja, Kaya Sega, na mlima Mrima. Na kaskazini zaidi kuna Kaya Kinondo, ambayo ni mojawapo ya makaya ya Wamijikenda yaliyoandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Misitu hii imesalia kwa sababu ya heshima. Wazee wa kaya walikataza kukata mti, na watu wakatii. Hapana sheria ya serikali iliyofanya kazi hiyo kwa muda mrefu kama neno la wazee hao.

Lakini kukataza shoka peke yake hakutoshi. Msitu waweza kuonekana mzima kwa macho, miti yake mikubwa imesimama, na huku ndani yake hapana watoto wanaozaliwa. Mti mkubwa huishi miaka mingi kuliko mtu, kwa hiyo ugonjwa wa msitu huchelewa kuonekana. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Usambara ya mashariki, mtaalamu Norbert Cordeiro na mwenzake Henry Howe walihesabu miche ya namna 31 za miti ambayo mbegu zake huchukuliwa na ndege na wanyama. Katika taarifa yao ya mwaka 2001 walisema kwamba katika msitu mkubwa na vipande vikubwa miche hiyo ilikuwa zaidi ya mara tatu kuliko katika vipande vidogo visivyozidi hekta 9. Miti ambayo mbegu zake huchukuliwa na upepo haikupata hasara hiyo. Maana yake ni wazi. Udongo haukuwa na kosa, wala mvua. Waliokosekana ni wachukuzi.

Basi kaya yenye miti mingi lakini isiyofikiwa na ndege ni kama mji wa wazee watupu. Tunausifu kwa hekima yake, lakini tukihesabu watoto wa shule twaona madarasa matupu.

Na kuna hatari ya pili. Ndege hupanda, lakini hachagui. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, nao umekuwa rafiki wa pwani yetu kwa kivuli chake na dawa yake. Hapana nyumba ya Kwale isiyoujua uchungu wa majani yake. Matunda yake yakiiva huwa ya manjano, na ndege na popo huyapenda sana. Kwa njia hiyo mwarobaini umetoka mabomani na kuingia vichakani, na hata katika makaya, na mahali pengine huota kwa wingi na kuwasonga wenyeji wa msitu. Mchukuzi ni yule yule. Akitoka katika kaya na kukuta matunda ya mwarobaini peke yake katika mashamba yote, mzigo atakaourudisha kayani ni mwarobaini. Kwa hiyo lile tunaloliacha katika mashamba yetu ndilo litakaloota katika misitu ya wajukuu wetu.

Je, mkulima wa Vanga, Jego au Lunga Lunga afanye nini? Sidhani kwamba kazi ni kubwa kupita uwezo wake.

Kwanza, asikate mkuyu ulio mpakani bila sababu ya lazima. Miti ya jamii hii haizai yote wakati mmoja, kwa hiyo ndege hupata chakula humo hata matunda mengine yanapokwisha. Wataalamu waliochunguza malisho ya Veracruz, katika nchi ya Meksiko, katika miaka ya 1980, waliona kwamba chini ya miti michache iliyoachwa palikusanyika miche ya miti mingi ya msituni, iliyoletwa na ndege waliotua hapo. Mti mmoja katikati ya shamba ni kama kituo cha basi: abiria hushuka hapo.

Pili, mti mzee wenye tundu usihesabiwe kuwa ni kuni tu, maana ni nyumba ya uzazi ya hondohondo. Mchoma makaa hupata faida yake ya magunia machache mara moja. Lakini tundu kama lile huchukua miaka mingi mno kupatikana tena.

Tatu, watoto wafundishwe kuwa manati si ya kulenga shore na kulukulu. Kijana ajivuniaye ndege kumi kwa siku ameua wapanda miti kumi.

Nne, mwenye kitalu amwige ndege. Matunda yakiiva, asizike tunda zima. Aivue nyama, aioshe mbegu kwa maji safi, kisha apande mapema, kwa maana mbegu nyingi za msituni hazivumilii kukaa sana. Hata kama hana mbegu, atazame chini ya miti ambayo ndege hutua. Mara nyingi atapata miche ya bure, aihamishe mvua zikianza.

Tano, miche ya mwarobaini iliyo karibu na kaya ing'olewe ingali michanga, lakini kwa idhini na uongozi wa wazee wa kaya, kwa kuwa wao ndio wenye neno humo. Mwarobaini wa uani, uliopandwa kwa kivuli, hauna kosa mradi miche yake isiachiwe kutambaa.

Wako watakaosema kwamba ndege ni waharibifu, na kwamba mkulima ana taabu za kutosha bila kuwatunza wanaokula maembe yake. Neno hili lina ukweli, wala sitaki kulidharau. Kunguru mweusi wa Kihindi ni adui wa vifaranga, na ndege walao mpunga karibu na mto Umba humnyima mtu usingizi. Lakini kumfukuza mwizi shambani si sababu ya kumfukuza na mtumishi. Kwale hatupungukiwi na watu wa kukata miti. Tunapungukiwa na wa kupanda, na hawa wapandao bila kudai posho, mbegu wala jembe, hawadai chochote ila mahali pa kutua, tunda la kula, na tundu la kulelea makinda.

Huko Vanga mikoko imekwisha kupata walinzi wake, na hesabu yake huandikwa. Ingefaa miti ya nchi kavu nayo ipate walinzi wa namna hiyo. Na kazi hiyo haihitaji kungoja barua kutoka ofisini. Kila mwenye shamba aanze kwa kuhesabu miti ya matunda ya porini iliyobaki katika mipaka yake, na chini ya kila mmoja aangalie kama kuna miche. Akiikuta, ajue kwamba wapandaji wangali wakija. Asipoikuta, ajue kwamba ni wakati wa kuwaandalia njia ya kurudi.